Hii Gitaa Haitaki Ukae

Siku ya kwanza nishike Flying V, nilifanya ile kitu kila msee hufanya akipewa gitaa: nilitafuta pa kukaa. Tulikuwa Umoja, kwa keja ya brathe ya beshte yangu, bedsita ya gorofa ya nne. Kitanda moja, meko ya gesi, ampu ndogo juu ya kreti ya soda, na stuli ya plastiki ya bluu. Nikavuta stuli, nikaketi, nikaweka gitaa kwa paja vile nilikuwa nimezoea na ile ya mbao ya kanisa. Ikateleza. Nikairudisha. Ikateleza tena, shingo ikashuka kama inatafuta sakafu.

Yule brathe hakusema kitu. Alinishika mkono nikasimama, akachukua stuli akaiweka nje kwa korido, akafunga mlango. Kisha akanivalisha mkanda begani, akachomeka waya, akafungulia ampu. "Hii gitaa haitaki ukae," akaniambia. Nikapiga E moja tu, nyuzi zote sita mara moja, na kioo ya dirisha ikatetema.

Manze, tangu hiyo jioni sijawahi cheki gitaa na macho ya zamani. Wasee wengi wakiona gitaa imekatwa kama mshale, ama kama radi, ama kama popo amefungua mabawa, wanadhani ni luku tu, mbwembwe za wazungu wa nywele ndefu. Mimi nimekaa na hii stori miaka, na nimefika mahali naamini hivi: ile shepu inakudai. Ukishaivaa, umewaambia watu utapiga kwa nguvu, na wamekuskia kabla hujagusa uzi. Hakuna kurudi nyuma. Hiyo deni ndio inafanya wasee wa roki wapende hizi gitaa hadi leo.

KALAMAZOO, 1958

Turudi nyuma kiasi. Mwaka ni 1958, mji ni Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani. Kampuni ya Gibson ilikuwa na jina kubwa, lakini jina ya wazee: gitaa za tumbo, za jazz, mzee amepiga suti na tai. Kule California, Leo Fender alikuwa ametoa Stratocaster tangu 1954, gitaa ya mapembe mawili na kiuno imechongwa ikushike mbavu poa, na vijanaa walikuwa wanaangalia huko. Mdosi wa Gibson alikuwa Ted McCarty. Akaamua atajibu, na hakujibu na kamchezo.

Alitoa mbili. Flying V ni herufi yenyewe: kichwa ni ncha, mwili ni mabawa mawili yamerudi nyuma. Explorer ni kama mtu alishika mstatili kwa kona mbili akauvuta mpaka ukapinda kama radi. Kulikuwa na ya tatu, Moderne, ikachorewa hati miliki ikabaki kwa karatasi, ikaja kuuzwa 1982. Kumbuka hizo ndio siku ndai za Marekani zilikuwa na mapezi nyuma kama papa, na kila fundi alikuwa anachora kitu yake kama inaenda mwezini kesho asubuhi.

Sasa skia hii, juu ndio hunigusa kabisa. Zile V za kwanza zilichongwa na mbao Gibson waliita korina. Korina ni jina ya soko. Mti wenyewe ni limba, na limba ni mti wa huku Afrika, unamea kutoka Sierra Leone mpaka misitu ya Congo. Mbao yake ni nyepesi, rangi ya asali. Kwa hivyo msee akikuambia gitaa ya roki ni kitu ya wazungu, mwambie pole pole: mwili wake ulitoka msitu wetu, ukavuka bahari, ukakatwa V huko Kalamazoo. Na mziki yenyewe ilitoka kwa mablues ya watu weusi wa Mississippi. Ukijumlisha hizo mbili, utashindwa kutuambia hatuhusiki.

Bei ilikuwa dola 247.50. Na ikadinda kuuza. Rekodi za Gibson zinaonyesha V 81 zilitoka kiwandani 1958, na 17 pekee 1959. Jumla 98. Explorer zilikuwa chache kushinda hizo. Watu waliangalia wakasema hii si gitaa, hii ni nini? Kampuni ikazima mashine. Leo ukipata moja ya zile 98, unabonga laki kadhaa za dola, pesa ya kununua plot nzima na caretaker wake.

WENYE WALIICHUKUA

Kitu ikikataliwa na kila mtu, ni poa uulize nani aliiokota. V iliokotwa na wasee wenye dunia haikuwa imewachongea chochote.

Albert King alizaliwa Indianola, Mississippi, 1923. Jitu, amejaa mlango, alikuwa ameendesha bulldozer kabla mziki imlishe. Na alikuwa mshoto. Gitaa karibu zote zinatengenezewa mkono wa kulia. Mshoto akiigeuza, lile pembe la kumsaidia linamkwara kifuani, na mkono haufiki freti za chini. Flying V haina hiyo ngori. Bawa la kulia na la kushoto ziko sare. Ukiigeuza, bado ni V. King akaigeuza, na hakubadilisha nyuzi: nyembamba zikakaa juu, nene chini. Wakati wapiga gitaa wengine husukuma uzi juu kulilia noti, yeye alikuwa anauvuta chini na nguvu ya mkono mzima. Ndio maana noti yake inalia na uzito, kama mtu anavuta gari imekwama. Aliibatiza gitaa yake Lucy. Albamu yake ya 1967 na lebo ya Stax, Born Under a Bad Sign, iliwafunza wasee wa roki wa Uingereza na Marekani vile noti moja inaweza kubeba stori mzima.

Lonnie Mack naye alijichukulia ya 1958 akiwa kijanaa, akakaa nayo maisha yake yote. Dave Davies wa The Kinks akatokea nayo kwa TV ya Marekani 1965, na vijanaa wakashtuka kuwa kumbe hii kitu bado iko. Kufika 1967 Gibson ikairudisha kiwandani, sasa na mahogani. Jimi Hendrix akachukua moja akaipaka rangi na mkono wake mwenyewe, maua na mizunguko, hadi huoni mbao. Baadaye akatengenezewa nyeusi ya mshoto kamili, na ndio hiyo alipiga kwa tamasha ya Isle of Wight mwisho wa Agosti 1970. Wiki tatu hazikuisha akatutoka.

Cheki vile inaenda: mshoto, mtu wa kijijini, kijanaa wa London, mshoto mwingine. Duka ziliona gitaa ya ajabu. Hawa waliona gitaa yenye haijaandikwa jina ya mtu bado.

KILA MSEE NA PEMBE YAKE

Miaka ya sabini na themanini ndio shepu ziliwaka. Kule Ujerumani, Rudolf Schenker wa Scorpions alipenda V kama dini. Mdogo wake Michael akajaribu ya brathe yake, na hakuachilia tena. Yake ikakuwa nusu nyeusi nusu nyeupe, na staili yake ni ile ya kufinya bawa moja katikati ya mapaja, shingo imepanda juu, mwili umeinama. Ukimwona hivyo unajua hiyo gitaa haiwezi anguka hata stage ikianguka.

Los Angeles, Bernardo Chavez Rico alikulia kwa duka ya buda yake, wakichonga gitaa za flamenko, kazi ya patasi na subira. Huyo mtoto wa flamenko ndio alikuja kuanzisha B.C. Rich na kutoa Mockingbird, Bich, na 1981 Warlock, yenye imekatwa pembe nne kali kama shoka ya vita. Lita Ford akaibeba Warlock wakati watu walikuwa bado wanauliza kama dem anaweza ongoza bendi ya roki. Akiwa na hiyo kitu begani, swali likakosa pa kusimama. Leo Lzzy Hale wa Halestorm anafanya hivyo na Explorer nyeupe ya jina lake.

Chicago, Dean Zelinsky alifanya hesabu ya haraka: chukua nusu ya juu ya Explorer, nusu ya chini ya V, ziunganishe. Akaiita ML, herufi za beshte yake alikuwa amekufa. Mwaka ni 1977. Huko Texas kijanaa anaitwa Darrell Abbott akashinda ML kwa mashindano ya gitaa akiwa bado tineja, akaiuza anunue ndai, na baadaye ikamrudia imepakwa radi ya bluu. Dunia ilimjua kama Dimebag, wa Pantera. Akapigwa risasi akiwa stejini Columbus, Ohio, tarehe 8 Desemba 2004, akifanya kazi yake. Hadi leo msee akibeba ML, hiyo ni salamu kwa marehemu.

Lakini mwenye alinichanua zaidi ni Randy Rhoads. Mwisho wa 1980 alienda kwa fundi Grover Jackson na mchoro: V, lakini bawa moja ndefu, lingine fupi. Ikatengenezwa nyeupe. Akaipiga na bendi ya Ozzy Osbourne, na watu wakawa bado wanadhani ni Flying V. Hiyo ikamkera. Akarudi kwa Jackson akasema, ongeza makali. Ya pili ikatoka nyeusi, bawa refu kushinda, sasa huwezi kosea. Alikufa kwa ajali ya ndege Florida, Machi 1982, akiwa na miaka 25. Gitaa yake ikakuwa mwanzo wa jina Jackson kwa roki nzima. Huyu msee angeweza kaa na ile ya kwanza, ilikuwa inalia fiti. Alirudi juu alitaka mtu wa mwisho kule nyuma ajue, bila kuuliza, kuwa huyo ni yeye.

SAUTI INATOKA WAPI

Kuna mjuaji wa mtaa atakuambia hizi shepu hazibadilishi sauti. Na kwa sehemu kubwa yuko sawa. Lakini skia kwa nini yuko sawa, juu hapo ndio utamu umejificha.

Gitaa ya mbao, ile ya kanisa na ya kwaya, tumbo lake ndio spika. Hewa inazunguka ndani, inatoka kwa shimo. Ukilikata tumbo kama mshale umeiua sauti. Kwa hivyo fundi wa hiyo gitaa amefungwa; lazima achonge kiuno na makalio, vile babu yake alichonga. Gitaa ya umeme haihitaji tumbo. Chini ya nyuzi kuna pikapu: sumaku imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama nywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetema juu ya sumaku, umeme mdogo unaamka ndani ya huo waya, unakimbia kwa kebo hadi ampu, na ampu inaukuza mpaka majirani waamke.

V ya 1958 ilitoka na pikapu mbili za aina ya hambaka, kazi ya Seth Lover wa Gibson. Jamaa aliweka koili mbili pamoja, zimegeuziana, ili ule mlio wa stima, ule mmm unaskia kila mahali waya zimeunganishwa ovyo, ujiue wenyewe. Mtu wa plot yenye stima inacheza kila jioni anaelewa hiyo baraka. Na hambaka ni nene, inapakia ampu hadi ianze kukwaruza. Huo mkwaruzo ndio roki.

Sasa unganisha. Umeme ulimtoa fundi pingu. Kwa mara ya kwanza tangu gitaa zianze, shepu ilikuwa huru. Angeweza fanya ubao wa chapati na bado ingelia, na Bo Diddley alithibitisha, juu yeye alipiga gitaa ya mraba kama sanduku. Kwa hivyo shepu ya gitaa ya umeme ni chaguo kavu. Hakuna sheria ya sauti imekulazimisha. Ukibeba V, umeitaka V. Na kitu umeitaka mwenyewe, ukiwa na uwezo wa kuchukua ile ya kawaida, hiyo inabonga juu yako kushinda kitu ulirithi.

Na kuna faida ya mkono. Kwa V, mabawa yanaanzia mbali, mkono wako unashuka hadi freti za mwisho bila kugonga bega la mbao. Zile noti za juu kabisa, zenye gitaa zingine zinakuwekea ukuta, hapa ni barabara wazi.

NGORI ZAKE

Sitakudanganya ati ni raha tupu. Gibson wenyewe walijua inateleza, ndio wakabandika mpira wa mistari kwa ukingo wa bawa kwa zile za kwanza. Unaweza kaa nayo ukipitisha paja katikati ya mabawa, na wasee hufanya hivyo studio, lakini mwili wako utajua unafosi. Explorer na Warlock nyingi ni nzito upande mmoja. Ukiachilia, kichwa inainama, na bega lako litalipa. Begi ya kawaida haitoshi. Huwezi egemeza V kwa ukuta, itakwenda tu. Na kile kichwa kimelazwa nyuma, ikianguka vibaya inavunjikia pale pale shingoni.

Yangu ilivunjikia kwa mat. Donda aliniambia hiyo kitu haiwezi kaa na watu, akaiweka nyuma na mifuko ya viazi. Kufika tao nikafungua begi, nikakuta kichwa imeachana na shingo, nyuzi ndio zimeishikilia. Nilisimama hapo kwa kituo na sikuweza ata kuongea.

Niliipeleka Kariobangi Light Industries, kwa fundi wa vitanda. Hakuwa ameshika gitaa maisha yake. Aliigeuza geuza, akaniuliza, "Na tumbo yake iko wapi?" Nikamwelezea stori ya sumaku. Akaskia hadi mwisho. Kisha akafungua ile ufa na kisu ndogo, akapuliza vumbi yote, akapaka glu ya mbao hadi kwa nyuzi za ndani kabisa, akaifinya na klampu mbili, vipande vya katoni katikati ili isichubuke. Akafuta glu imetoka na kitambaa maji. "Kesho jioni," akasema. "Usiniguse hii klampu."

Nilirudi kesho yake. Shingo ilikuwa imeshikana, ufa umebaki laini nyembamba kama unywele. Lakini kwa ukuta wake, katikati ya miguu za viti, kulikuwa na plaiwudi imekatwa V. Alikuwa ameichora mzunguko na penseli. Nikamwangalia. "Nilitaka tu kujua msumeno utapita aje pale katikati," akaniambia. Nilimlipa, tukagotea. Nikienda zangu nikawaza, huyu mzee hajawahi skia hata wimbo moja wa metali, na hii shepu imemshika usiku mzima.

NGANYA NA MSHALE

Msee wa Nairobi hafai kushangaa hizi vitu. Sisi ndio watu wa nganya. Basi ya kawaida itakufikisha Rongai, viti ni vile vile, barabara ni ile ile. Lakini wasee wataacha basi mbili zipite wakingoja ile imechorwa hadi kwa rimu, imewashwa taa kama sherehe, besi inakugonga kifuani ukiwa bado nje. Mwenye hiyo ndai amemwaga pesa mob kwa kitu haiongezi mwendo hata kidogo. Na ni sawa. Anakuambia, umepanda kwangu, utafika tofauti.

Na nganya ilipitia yenye V ilipitia. Februari 2004 sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zikaanza kazi: mikanda, vidhibiti mwendo, laini ya manjano kwa kila mat. Mikanda iliokoa maisha, hiyo sipingi. Lakini rangi zilifutwa, na mji ukakaa kama umevalishwa yunifomu. Watu walisema graffiti imekufa. Ikarudi. Ikarudi kali kushinda, juu vijanaa walikuwa wanaitaka, na kitu vijanaa wanaitaka hivyo haikai chini. Gibson waliizima V 1959. Nani aliwafanya wairudishe 1967? Wapiga gitaa wenye walikuwa wakiiwinda kwa mikono ya watu.

Roki Nairobi imepigwa majina mob. Mziki ya wababi. Mziki ya shetani. Lakini bendi ziko, na zimekuwa: Parking Lot Grass, Last Year's Tragedy, Seeds of Datura, Crystal Axis na punki yao. Duma, jina maana yake giza kwa Kikuyu, walitoa albamu 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na dunia ikageuka kuangalia Nairobi ikipiga kelele. Kule Botswana wapenzi wa metali wanatembea na ngozi nyeusi na kofia za wachunga ng'ombe kwenye jua kali, na hakuna anaomba ruhusa. Hakuna mtu wa hii mziki huku aliingia kwa bahati mbaya. Redio haikumsukuma, tichee hakumfunza, pasta alimwombea aache. Aliitafuta mwenyewe. Ndio maana gitaa yenye makali inamkaa vizuri: yeye pia ni chaguo kavu.

UKITAKA YAKO

Kama umeskia ukaguswa, usingoje upate ya laki kadhaa za dola. Kuna V na Explorer na Warlock za bei ya chini, zingine mitumba kwa wasee wanasafiri. Ukienda kuicheki, fanya hivi. Vaa mkanda usimame, kisha achilia mikono zote mbili: kichwa ikikimbilia chini, jua utabeba hiyo uzito kila siku. Mkanda mpana wa ngozi, upande wa ndani ukiwa na makwaruzo, unasaidia. Angalia nyuma ya shingo, pale kichwa inaanzia, utafute laini ya glu. Kama iko na imeshikana poa, teremsha bei lakini usiogope, juu kiungo ya glu nzuri haivunjiki mara mbili mahali pamoja kirahisi. Piga kila freti hadi ya mwisho. Itundike kwa ukuta, usiiegemeze. Na kwa mat, lipia kiti cha pili. Nimejua kwa uchungu.

Halafu fanya mazoezi umesimama. Kila siku. Nimepiga hivyo miaka sasa, na imebadilisha vile napumua, vile nahesabu, hata vile naingia kwa ofisi ya mtu kutafuta kazi. Sisi watoto wa mtaa tumeambiwa kaa chini tangu nursery. Kaa chini, nyamaza, ngoja uitwe. Mwili unazoea. Kuna kitu kwa mgongo lazima ifundishwe upya, na mimi mwalimu wangu alikuwa na mabawa mawili.

Juzi kasistee ka mlango wa pili kalikuja kugonga. Kako gredi ya sita, kamekuwa kakiskia kwa ukuta. Kakaniuliza kanaweza shika. Nikasema ingia. Kakavuta stuli, nikaichukua nikaiweka kwa korido. Nikakavalisha mkanda, na hapo ndio nikaona mkono wake wa kushoto umekuja mbele kushika pick, kisha ukarudi nyuma haraka kama umechomeka, na wa kulia ukaja badala. Nikakauliza ni nini. Kakasema shuleni walikapiga rula hadi kakaandika na ule mwingine.

Nikaitoa gitaa begani mwake, nikaigeuza, nikairudisha. Bawa kwa bawa, ikakaa vile vile. Nyuzi nyembamba zikapanda juu, nene zikaenda chini, kama Lucy. Nikakaambia tumia huo mkono wako. Kakaangalia mlango kwanza. Halafu kakapiga, mara moja, na nguvu yote, na kioo ikatetema.

"Kumbe kuna gitaa za mashoto," kakasema.

Nikamwambia hii ni ile ile tu. Akapiga tena.